Kipago cha Pili

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, na mimi nilizaliwa katika nyumba za reli, Nairobi. Kwa hiyo nilipoliona behewa jekundu limeachwa juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote, katika mji mdogo wa Pennsylvania ninakoishi sasa, sikungoja kuelezwa. Wamarekani huliita kabuzi. Ni behewa la mkiani, na kwetu lingekuwa la gadi, na bendera yake na taa yake. Hapa lilikuwa la kondakta na mshika breki, ambao walisafiri humo, wakapika humo, wakalala humo.

Niliomba kujiunga na wale waliokuwa wakilitengeneza kwa kujitolea. Huu ni mwaka wa nne. Tunakutana kila Jumamosi, tisa kwa jumla, wengi wastaafu, na seremala ni mimi peke yangu.

Mwaka wa kwanza hatukujenga kitu. Tulibandua, tukapiga picha, tukaupa kila ubao namba yake. Rangi ya zamani ina madini ya risasi, hivyo haipigwi msasa mkavu. Unailowesha, unaikwangua ukiwa umevaa barakoa yenye chujio, na kila ganda linaloanguka unalikusanya. Kazi hiyo huua mabega. Lakini chini ya dirisha moja, rangi ilipotoka, tulikuta safu ya tarakimu za penseli. Mtu alikuwa akihesabu mabehewa yake. Pale hatukupaka tena.

Adui wa gari la mbao ni maji. Paa lake ni mbao zilizofunikwa turubai nene lililopakwa rangi. Turubai likichanika, maji hupenya, yakateremka ndani ya nguzo na kuiozesha kimyakimya, huku nje rangi ikiendelea kung'aa. Niligonga nguzo ya pembeni kwa mpini wa patasi ikalia kama debe tupu. Wengine walitaka tuing'oe yote. Nilikata palipooza tu, nikaunga mti mpya kwa mshazari, gundi na boli. Mti wa zamani ukiwa mzima hauna sababu ya kutupwa, kwa sababu ndio uliosafiri.

Kilichonifunza zaidi ni kibanda kidogo kilichosimama juu ya paa, chenye madirisha pande zote. Watu walikaa humo wakiitazama treni yao, hasa kwenye kona, ambako mabehewa yote hujipinda na kuonekana. Walikuwa wakitafuta moshi. Zamani ekseli ilizunguka ndani ya kasha lenye nyuzi zilizoloweshwa mafuta. Mafuta yakipungua chuma kilisagana na chuma, kasha likawaka, na ekseli ingeweza kukatika treni ikiwa mbioni. Jicho la mtu ndilo lililokuwa kinga. Karibu yake kulikuwa na geji ya upepo wa breki na valvu ya kuisimamisha treni nzima kwa dharura.

Na kukaa huko hakukuwa starehe. Kila kiungo kati ya behewa na behewa kina nafasi kidogo. Katika treni ndefu nafasi hizo hujumlika, na injini ikivuta ghafla, mkiani panafika pigo la kumtupa mtu ukutani. Ndiyo maana jiko la makaa limefungwa sakafuni kwa boli na lina ukingo wa kuzuia sufuria, na darini pamepita bomba la chuma la kushikilia.

Baadaye zilikuja beringi za roli, na vifaa kando ya njia vinavyopima joto la ekseli. Kampuni ya reli ya Florida East Coast iliacha kutumia kabuzi mwaka 1972. Baada ya makubaliano ya 1982 kati ya makampuni na wafanyakazi, reli nyingine zikafuata. Leo mkiani huning'inia kisanduku kinachopeleka kipimo cha upepo kwa dereva kwa redio.

Mwaka huu tulibishana juu ya ngazi ya kupanda kibandani. Kipago cha pili kimelika upande wa kushoto, kina bonde la kutosha kiganja. Mwenzetu alitaka kibadilishwe, watoto wa shule wanaokuja kutembelea wasiteleze. Hofu yake ilikuwa ya haki. Mimi niliomba tukitie bamba la chuma chini na tukiache, kwa sababu bonde lile halikuchongwa na fundi yeyote. Ubishi ulichukua Jumamosi mbili.

Jumamosi ya tatu alikuja mzee mmoja, mshika breki mstaafu. Hakuwahi kufanya kazi katika kabuzi hii, bali katika nyingine za aina yake. Tulimwomba atuonyeshe walivyopanda. Aliinua mkono wa kulia akalishika bomba la darini bila kulitazama, na mguu wake wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye kipago cha pili, ukatua ndani ya bonde.

Hakuna aliyesema neno. Mzee alijivuta juu, akaketi, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akatazama mbele, upande ambao treni ingekuwa.

Bamba nililifunga jioni ile ile.