Hela ya mwezi sina, ya leo ninayo

Boom la muhula uliopita lilipoingia, nilifanya jambo ambalo mama yangu hajui mpaka leo. Nilitoa shilingi 120,000, wenzangu wawili nao wakatoa hivyohivyo, tukalipa kodi ya miezi sita ya fremu moja Mbagala. Tukaazima ubao, tukaanza twisheni ya kidato cha nne. Sote tunasoma ualimu hapa DUCE, kwa hiyo kufundisha hakukututisha. Kilichotutoa jasho ni swali dogo: nani alipe, alipie nini, na alipe lini?

Mwanzoni hatukufikiri sana. Tulisema 15,000 kwa mwezi, kwa sababu ndivyo tulivyolipiwa sisi tulipokuwa shule. Wakajiandikisha wanafunzi 22. Waliolipa ni tisa. Wengine walituambia "wiki ijayo, mwalimu" hadi wiki ya tatu, tukawaambia wasije bila hela.

Kesho yake alikuja mama wa binti mmoja, muuza chapati. Nikamwamkia, akaitika, halafu akanyoosha sarafu ya mia tano. "Mwalimu, hela ya mwezi sina. Ya leo ninayo."

Usiku ule tulibishana hosteli mpaka majirani wakagonga ukuta. Mmoja wetu alitaka tufundishe bure, tutafute wafadhili. Akatoa mfano wa Ubongo, walioanzia hapahapa Dar mwaka 2013: katuni zao mtoto anaziangalia kwenye TV bila kulipa, gharama inabebwa na wengine. Mfano mzuri, lakini mfadhili atataka kuona kitu, na sisi tulikuwa na ubao wa kuazima.

Mimi nilimfikiria yule mama. Umeme ananunua kwa LUKU, wa elfu moja, wa elfu mbili. Kenya, M-KOPA walifikisha sola kwa watu wa kipato kidogo kwa kuwaruhusu walipe kidogokidogo kwa simu. Mtu wa kipato cha siku si kwamba hana hela kabisa. Hela yake haikai mpaka mwisho wa mwezi. Na anayelipa kabla ya kutumia humkimbizi kumdai.

Ila kuna mtego. Nenda dukani kwa Mangi ukanunue mafuta ya kupima: ukijumlisha vipimo mpaka lita itimie, mara nyingi umelipa zaidi ya aliyenunua lita nzima. Hatukutaka kumuuzia maskini hesabu kwa bei ya juu. Tulipanga 500 kwa kipindi. Vipindi 12 kwa mwezi ni 6,000. Wale tisa walituletea 135,000. Kwa bei mpya, kuifikia tunahitaji wanafunzi 23, tena wasiokosa hata siku moja. Mwenzangu mwingine alipiga hesabu mara mbili, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa tunacheza na mvua."

Kweli. Alhamisi moja mvua ilinyesha, wakaja watano. Tulipata 2,500, na fotokopi za siku hiyo zilikula zaidi ya hapo. Lakini Jumamosi yake walikuja 31, wengine wakakaa kwenye ndoo. Mwezi ule tulipata 147,000. Si utajiri, ila fremu ilijaa watoto badala ya ahadi.

Bado jambo moja linanisumbua. Tangu 2016 sekondari hizi za serikali hazina ada hadi kidato cha nne, na mimi, mwalimu mtarajiwa, nimesimama mlangoni nakusanya mia tano. Siku mama yake asipouza, yule binti haombi aingie. Anasimama nje dirishani na daftari, ananakili ubaoni. Mara ya kwanza mwenzetu alitaka kufunga dirisha, akasema wote watahamia huko.

Tulipiga kura, mbili kwa moja. Dirisha liko wazi, na sasa tunamwita aingie. Kwenye daftari la matumizi, chini ya kodi, chaki na fotokopi, tumeongeza mstari unaoitwa "dirisha": nafasi mbili za bure kila kipindi, zimepigiwa hesabu kama gharama nyingine yoyote.

Kodi inaisha mwezi ujao. Kama nawe una wazo la biashara hapo hosteli, kabla hujapanga bei, kamuulize mteja hela yake inaingia lini. Sisi tuliuliza tukiwa tumeshalipa fremu.