Daka la Lodwar

Wiki mbili nilizokosekana katika ukurasa huu nilikuwa Turkana kwa mdogo wangu, yule aliyeolewa akahamia Lodwar na mumewe, na nimerudi na habari ya kistoo. Najua baadhi yenu mlitarajia niandike habari za ngamia na Ziwa Turkana. Ngamia niliwaona. Ziwa sikuwahi kufika.

Kutoka Mombasa hadi Lodwar ni kuvuka nchi nzima kwa mshazari. Baada ya Kitale barabara huteremka, na kila inavyoteremka hewa huzidi joto, mpaka ukipita Kainuk na Lokichar unakuwa umesahau kwamba asubuhi ulijifunika shali. Pande zote mbili za njia ni mchanga, migunga, na ule mti ambao Kenya nzima huuita mathenge, wenye miiba inayopenya ndara kama sindano inavyopenya kitambaa. Ndiyo maana wenyeji wengi huvaa akala, viatu vinavyokatwa kutokana na magurudumu makuukuu ya gari. Kisha Mto Turkwel hujitokeza pamoja na mikoma yake, na mji huanza. Wazee wetu walilijua jina la Lodwar kwa sababu ndipo Mzee Kenyatta alipowekwa kizuizini tangu mwaka 1959 hadi 1961, nalo likabaki vinywani kama jina la mahali pa kutupwa. Leo ni makao makuu ya kaunti, una msikiti, una maduka yanayofungua alfajiri kabla jua halijakaza, na adhana yake ilinifikia nikiwa bado nashusha mzigo wangu.

Nyumba ya mdogo wangu ni ya kupanga: matofali ya saruji, bati juu, sebule moja na chumba kimoja. Ukifungua mlango wa mbele, ukuta wa nyumba uko kushoto kwako na kulia kuna kistoo kilichotokeza ndani ya sebule, upana wa hatua moja na nusu, kina cha hatua mbili. Kati yao hubaki njia nyembamba. Mwisho wa njia hiyo palikuwa wazi, na macho ya aliyesimama mlangoni yalikwenda moja kwa moja hadi kitandani. Anayepiga hodi alikuwa amekwisha kuona kila kitu kabla hajajibiwa.

Kwa hivyo mdogo wangu alishinda na buibui mchana kutwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ama afunge mlango akaange kama andazi, ama auache wazi akae amejisitiri tayari kwa lolote. Alichagua hili la pili. Tena alikuwa ameacha kukaribisha watu. Muuza maziwa alihudumiwa barazani, jirani alijibiwa juani, na mwalimu wa madrasa aliyekuja kuuliza habari za mtoto alisimama nje na karatasi zake mkononi. Sikuzoea kumwona mtoto wa mama yetu akizungumza na mgeni huku ameshika ubao wa mlango.

Lililonifanya nishindwe kunyamaza lilikuwa kubwa zaidi. Miezi mitatu kabla ya safari yangu, mwanawe wa miaka sita aliingiza mguu katika kiatu cha shule kilicholala mlangoni juu ya rundo la viatu vya nyumba nzima, na ndani yake mlikuwa na nge. Usiku ule wakaumalizia hospitali. Alhamdulillah mtoto alipona, lakini nilimkuta akivaa viatu kwa kuvigonga mara saba ukutani, na akikimbilia kwa mamaye kila anapoona lasi nyeusi.

Nikamwuliza mdogo wangu, "Na hicho kistoo kina nini?"

"Vitu vyetu vya Mombasa, dada."

Nikafungua. Masanduku manne, yamefungwa kwa kamba ileile niliyoifunga mimi siku ya kumsafirisha. Hakuna lililoguswa kwa miaka minne. "Tukihamishwa," akasema, "itakuwa rahisi kuyabeba." Sikujibu. Nikarudisha mlango, ambao ulikuwa umevimba na haukufunga sawasawa.

Niwakumbushe wasomaji, hasa vijana waliolelewa katika nyumba za ghorofa za kisasa, jinsi wazee walivyojenga. Nenda Lamu, katika ule mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, usimame mbele ya nyumba ya mawe. Kwanza utapokelewa na daka: kibaraza kilichoingia ukutani, chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo mwenye nyumba huzungumza na mgeni asiye wa ndani. Kisha tekani, na hapo njia hupinda. Haipindi kwa pambo. Hupinda ili jicho la mpita njia ligonge ukuta na lisifike kiwandani, walipo wanawake na kazi zao. Suratu Nnur, aya ya 27, imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na aya ya 58 imewawekea hata watoto wa ndani nyakati tatu za kubisha. Mafundi wa Lamu waliijengea amri hiyo mahali pa kusimama. Sisi tumebaki na neno hodi, na mahali pa kulisemea tumepabomoa.

Lakini mdogo wangu alikuwa na hoja, na ilikuwa nzito. Nilipomwambia tutundike pazia mwisho wa njia ile, akaniambia, "Dada, ukiziba hapo unaua upepo. Huku si Mombasa." Nilijaribu kwa leso mbili usiku ule. Hatukulala.

Siku ya Alhamisi shemeji yangu, ambaye hufanya kazi Kakuma na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alitupatia ruhusa ya kumtembelea mama mmoja wa Kisomali anayeishi kambini, aliyewahi kumuuguza alipopatwa na malaria. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wavulana waliokuja kwa miguu bila wazazi. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi, na mwaka 2016 pakaongezwa makazi ya Kalobeyei kando yake. Nilidhani nitaona mahema. Niliona mitaa, maduka ya vitambaa, mikahawa, misikiti, na nilisikia Kiswahili cha Kongo kikinunua nyanya kwa Kiswahili cha Kisomali.

Nyumba ya mama yule ni ya matofali ya udongo na mabati, ndogo kuliko ya mdogo wangu, na watu wanaolala humo ni wengi zaidi. Lakini tulipofika hatukuona kitanda cha mtu. Tulipita ua wa miiba, kisha kijilango cha bati, na baina ya kijilango na mlango wa nyumba alikuwa ametenga hatua tatu za ardhi, akazipiga udongo zikawa ngumu. Ubao ulilazwa juu ya matofali mawili kwa kukalia. Viatu vyote vilitundikwa juu ya vijiti vilivyochomekwa ukutani, nyayo zikitazama mbingu. Birika la kutawadhia lilikuwa na mahali pake, mitungi ya maji nayo ilipangwa mahali pake. Mlangoni palining'inia kitambaa chepesi, kimekatwa shubiri moja juu ya ardhi. "Upepo wa hapa hutambaa," alituambia, "mwachie njia ya chini."

Mdogo wangu akamwuliza ameishi hapo muda gani. Akasema tangu binti yake mkubwa akiwa mgongoni, na yule binti ndiye aliyekuwa akitumiminia chai, mwanamke mzima. Akamwuliza tena, je, hakungojea kurudi kwao? Mama akacheka. Akasema anangojea kila siku, na huku akingojea viatu vya watoto huchafuka.

Njia nzima ya kurudi mdogo wangu hakusema neno. Tulipofika nyumbani, kabla hajavua buibui, alifungua kistoo na kuliburura sanduku la kwanza mpaka sebuleni.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, kwa sababu fundi alifanya kazi asubuhi na baada ya alasiri tu. Saa za katikati huko ni za kulala. Mlango uliovimba uling'olewa, na mbao zake zikawa rafu mbili na kibao cha kukalia, kimo cha goti la mtoto, kwani anayepaswa kuvaa viatu akiwa ameketi ni mtoto. Fundi alitoboa tundu karibu na paa akaliziba kwa wavu. Nyufa zote za ukuta zilikandikwa simiti, maana nge hupenda nyufa na giza. Mlangoni tukainua kizingiti kwa simiti kimo cha upana wa kiganja, mchanga ukabaki nje ulikotoka. Vigingi vya mbao vilipigwa safu mbili: ya juu ya mabuibui na kanzu ya shemeji, ya chini ya mikoba ya shule na kofia. Viatu havigusi sakafu tena. Vinaingizwa vigingini kichwa chini, kama tulivyoona Kakuma. Tulitaka kuweka kioo, tukaona fundi anataka bei ya ng'ombe, tukaacha.

Likabaki pazia. Hapa aliyetufaa ni jirani wa Kiturkana anayeuza makaa. Alisimama akatazama leso zangu zilizokuwa bado zimetundikwa, akacheka hadi akakaa chini. Kwao, anayejenga nyumba ni mwanamke. Kuna kibanda cha kulala usiku, akai, kinachofungwa vyema, na kuna cha mchana, ekol, ambacho kuta zake husukwa kwa makuti ya mkoma yaliyoachwa nafasi, kivuli kikae na upepo upite. Alisema tulikuwa tumetundika akai mahali pa ekol. Siku ya pili alileta kitu kama mkeka, kimesukwa wazi wazi, na mimi nilipokishika niliijua miyaa ileile ambayo bibi yetu alisukia mikeka na makanda. Mti ni mmoja. Sisi huusuka ukakaza ili tulalie, wao huusuka ukalegea ili wapumue. Aliyesimama mlangoni haoni ndani, lakini aliye ndani, kwa kuwa mwanga uko nje, humwona aliyekuja kabla hajaitikia. Kwa mwanamke aliye peke yake na watoto siku tano za wiki, hilo si jambo dogo.

Masanduku yalifunguliwa usiku wa mwisho. Mashuka yalikuwa na harufu ya karafuu bado. Vitabu vya shemeji vilikuwa vimeliwa na mchwa kurasa za mwanzo. Katika la nne mlikuwa na vikombe vya harusi, dazeni nzima, vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo mama alivinunua kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mdogo wangu alivitazama sana. Nikadhani atavirudisha. Akavipanga vyote kumi na viwili juu ya rafu ya kistoo, karibu na mtungi, akasema mgeni anayetoka kwenye jua lile apate maji kabla ya maneno.

Nikumbuke jambo moja lenye faida kwa wanaoishi penye nge, hata huku kwetu mashambani. Ile taa ndogo ya urujuani wanayotumia wenye maduka kukagulia noti, ukiimulika gizani juu ya nge, mwili wake hung'aa kijani. Shemeji aliinunua. Mwanawe ndiye mwenye zamu: kila baada ya isha humulika vigingi, chini ya kibao na kwenye kizingiti, kisha hutoa ripoti kwa sauti ya askari. Usiku niliokuwapo alimpata mmoja, nje ya kizingiti. Hakukimbia. Alimwita baba yake.

Asubuhi ya safari yangu mwalimu wa madrasa alikuja tena. Alipiga hodi, akajibiwa karibu, akavua viatu, akaketi juu ya kibao. Mdogo wangu akazungumza naye akiwa upande wa pili wa mkeka, na mtoto akampelekea maji katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Maji na mazungumzo viliendelea hadi basi likanipigia honi.

Juzi alinipigia simu. Anataka nimtumie udi, na vikombe viwili vimekwisha kuvunjika.