Siku Mbili Dar es Salaam

Mgeni wa kutoka Unguja hushuka botini keshaagizwa: khanga, vitambaa, vyombo. Jumamosi yake yote humezwa na Kariakoo, akipigwa vikumbo na wachukuzi wenye mikokoteni. Na pengine hajui kuwa jina hilo lenyewe ni la wachukuzi, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916.

Jumapili, mji ukitulia, na aiendee Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Sanamu ya shaba ni ya askari, singe yake imeelekea bandarini. Wapagazi wamo katika maandishi, yaahidiyo kwa Kiswahili kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Majina yenyewe hayamo.