Kipini: Mshipi wa Mzee na Papa wa Mlango wa Mto



Safari yetu ya likizo ilitufikisha Kipini, pale Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapoingia katika Ghuba ya Ungwana. Tulipita Malindi na Garsen, na tulipofika Witu tukaiacha barabara ya Lamu, tukashuka pwani. Hapo maji ya mto, yaliyojaa udongo, hukutana na maji ya chumvi. Samaki hupapenda mahali kama hapo, na papa huwafuata.

Baada ya swala ya alasiri tuliketi ufuoni na mzee mmoja, akatusimulia uvuvi wa ujana wake. Chombo hakikuhitajika. Palikuwa na mshipi mnene wa pamba, uliosokotwa kwa mkono. Ndoana kubwa ya chuma, kazi ya mhunzi. Na baina yake kipande cha mnyororo, kwani meno ya papa hukata kamba kama mkasi ukatavyo uzi. Chambo kilikuwa mnofu wa taa. Maji yakianza kujaa usiku, mshipi ulitupwa, na ncha yake ikafungwa kwenye kigingi. Hapana aliyethubutu kuuzungusha mkononi.

"Papa akishika, hamshindani naye, wanangu," alisema. "Mpeni mshipi aende, akichoka, mrudisheni. Mwenye pupa hukatikiwa."

Papa mmoja alitosha mtaa. Nyama ilipasuliwa, ikatiwa chumvi, ikaanikwa, ikawa ng'onda. Maini yalichemshwa yakatoa sifa, mafuta ya kupaka mbao za majahazi. Nasi tuliwakumbuka bibi zetu: jinsi walivyomroweka papa mkavu, wakamparuza ngozi yenye mchanga, kisha wakampika kwa tui zito la nazi, harufu ikatangulia hadi barazani.

Tulipomuuliza ni lini alipomwona papa mkubwa ufuoni, mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akatuambia kuwa wajukuu zake hawajapata kumwona.

Asubuhi tuliwaona papa waliotolewa nyavuni. Walikuwa wachanga, urefu wa mkono wa mtoto. Papa si dagaa: huchukua miaka mingi kukomaa, na wengi wao huzaa watoto wachache. Mshipi ulimchukua mmoja, wavu hauchagui. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya papa wenye vichwa vya nyundo, na mwaka 2019 aina mojawapo ikatajwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Tuliona haya kidogo, wapenzi wasomaji. Ni sisi tunaowanunua hao wachanga sokoni, tukisifu ulaini wa nyama yao. Mvuvi ana watoto wa kulisha, naye huleta kile anachojua kitanunuliwa. Basi lililo mikononi mwetu si dogo: kumwacha mwana wa papa mezani pa muuzaji, na kuuliza samaki mwingine.

Siku hiyo tulinunua changu. Mzee alituonyesha ndoana yake, imeliwa na kutu, ikining'inia juu ya mlango. Mtoto wetu aliishika kwa mikono miwili, akauliza kama papa wake bado yupo. Inshallah yupo, na tumwombee akue.