Wahesabu Watu Kwanza

Wako wanaonunua mchezo wa ndege za vita ili wapige tu. Mchezo wa kompyuta uitwao B-17 Flying Fortress, uliotolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1992, huwachosha upesi watu wa namna hiyo. Humo unakabidhiwa ndege ya mabomu ya Kimarekani yenye injini nne, iliyo Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na wanajeshi kumi na safari 25 za kwenda kushambulia shabaha za Wajerumani. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: wahesabu watu wako kabla ya kuyahesabu mabomu.

Kwanza, usiliache kundi. B-17 haikuwa ndege ya kukimbia wala kukwepa. Salama yake ilikuwa kuruka karibu na wenzake, bunduki za ndege moja zikilinda ubavu wa nyingine. Anayebaki nyuma peke yake ndiye anayeandamwa.

Pili, injini ikipigwa izime mapema, ugeuze mapanga yake yakabili upepo kwa makali, yasikuvute nyuma. Ukiing'ang'ania injini inayowaka, utaikosa ndege nzima.

Tatu, mtu akijeruhiwa, mtume mwenzake akamhudumie, hata kama bunduki moja itanyamaza.

Nne ndilo gumu kuliko yote. Ukikaribia shabaha, usikwepe. Mlenga mabomu anahitaji ndege iende sawasawa, isipande wala kuyumba, huku mizinga ya chini ikipasua moshi mweusi pande zote. Mikono itakuwasha utake kugeuza. Vumilia.

Mambo hayo kwetu ni mchezo, bali kwa wengine yalikuwa maisha. Tarehe 14 Oktoba 1943 ndege hizo zilitumwa kupiga viwanda vya gololi za mashine mjini Schweinfurt. Ndege 60 hazikurudi, nazo zilibeba watu wapatao 600. Mimi nikiangushwa hubonyeza kitufe nikaanza upya.

Tena kuna watu ambao mchezo hauwahesabu kabisa. Kila mmoja wa wale kumi ana jina, ana kazi yake, na akiumia unajua. Walio chini hawana jina wala sura. Ukiwa futi 25,000 juu, mji ni doa tu la moshi, na unachoulizwa ni kama shabaha imepatikana. Waswahili husema vita havina macho. Mchezo huu umenionyesha maana ya maneno hayo: mtu anaweza kuwapenda wenzake kumi kwa dhati, akawalinda kwa subira yote, na mkono uleule ukaachia mabomu juu ya wengine asiowaona. Hilo nalo lifikirie, hasa siku utakapowarudisha wote kumi salama.