Uso Hausimulii Yote



Kwa miezi kadhaa mashavu yangu yaliwaka kama ya mtu aketiye karibu na jiko, na vipele vikaota puani. Minong'ono ikanifikia: wengine walisema ni pombe, wengine krimu za kujichubua.

Daktari wa ngozi alinisogeza penye mwanga, akanipapasa mashavu, akauliza mengi kabla ya kutaja jina: rosasea. Ugonjwa huu hauambukizi. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu wake hujificha, hivyo mara nyingi huchelewa kutambuliwa. Jua, vinywaji vya moto, pilipili na pombe huweza kuuchochea. Lakini hata asiyeonja tone la pombe huupata. Krimu zenye steroidi hutuliza kwa muda, kisha huuzidisha. Hauponi kabisa, bali dawa na kujikinga na jua huutuliza.

Mimi ninayo mimbari ya kujieleza. Binti mwenye mabaka na kijana mwenye chunusi hawanayo. Basi, ndugu zangu, uso wa mwenzetu ukibadilika, tumwendee yeye kwanza kwa upole, tumsindikize kwa daktari. Tusiwaulize majirani amefanya nini.