Pijo ya Babu kabla haijapimwa kwa kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa aje Jumapili mchana na mizani yake. Kaka zangu walishakubaliana: pick-up ya Baba, Peugeot 404 iliyokaa uani kule Rhotia zaidi ya miaka 20, iondoke, na fedha zisaidie matibabu ya macho yake. Mimi, binti wa pekee, ndiye niliyetumwa nikamweleze Mzee. Shule zilikuwa zimefungwa, nikachukua wanangu wawili tukapanda basi Arusha, Ijumaa asubuhi.

Mzazi ambaye hajapita njia hii na watoto, waweke dirisha la kushoto. Ukishapita Mto wa Mbu barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini kama bati lililoanikwa juani. Dakika chache baadaye uko Rhotia, na mbele kidogo ni Karatu mjini. Lami hii tuliipata mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla yake palikuwa na udongo mwekundu tu, ambao masika huteleza kama sabuni. Baba alipita humo na vitunguu vya Mang'ola.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Huyu ndiye wa injini?"

Ndiye. Kijana wangu ana miaka 17, anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Baba yake na mimi tunataka kidato cha tano. Yeye anataka ufundi wa magari, na nyumbani suala hilo limeshatunyima usingizi. Hata chai hakunywa. Alifungua boneti, akafukuza kuku, akauliza: "Babu, hii ilikufa au ililala tu?"

Mzee alicheka, ndipo akaanza kusimulia. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana, alitembea na wenzake kwenda kusimama kando ya barabara ya Mbulu kuangalia magari ya Safari yakipita. Walisimama kwenye matope tangu usiku. Anasema hukuliona gari, uliona taa, kisha unapakwa tope usoni. Alichokariri ni sauti, na sauti iliyorudi mwaka baada ya mwaka ilikuwa ya Pijo.

Hakukosea. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalifanyika Pasaka, yaani katikati ya mvua, na kwa karibu kilomita 5,000 gari lilipambana na tope, mawe na vumbi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Aliyeshinda ni Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 ikashinda tena 404, safari hii ya Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ilizidi, yakamaliza tena magari 7 tu, na wa kwanza tena ni Nowicki na Cliff, tena na 404. Mara nne ndani ya miaka sita.

Unaweza kudhani injini hiyo ilikuwa na maajabu. Ilikuwa ya silinda nne, cc 1,618, imelazwa ubavu nyuzi 45 ili boneti iwe fupi. Gari la Shankland lilikuwa na pampu ya kupulizia petroli kwa kipimo kwenye kila silinda, la Baba lina kabureta ya kawaida, lakini ukoo ni mmoja. Bloku ni ya chuma, kichwa ni cha aluminiamu, na silinda zenyewe ni layina zinazochomolewa, maji ya kupoza yakizizunguka. Layina ikilika, fundi anaichomoa na kuweka nyingine na pistoni yake, bila kuibeba bloku kwenda kuchongwa mjini. Yalikuwapo magari yenye nguvu kuliko hilo, mengine yakabaki kwenye matope.

Baadaye zikaja Datsun 240Z na Ford Escort, na nguvu ikaanza kushinda. Mwaka 1975 Peugeot ikarudi na 504, ambayo injini yake ni mtoto wa hii hii. Kwa wakati huo Safari ilikuwa imeshaanza kubaki Kenya peke yake.

Jioni hiyo fundi mmoja wa Karatu alikuja kwa pikipiki. Akamwonyesha kijana kutoa plagi, kumimina oili kidogo kwenye kila silinda, kisha akasema tuiache hadi Jumapili. "Ikikubali kuzunguka, haijakamata. Ikikataa, mpeni mwenye mizani."

Jumamosi tulikodi Land Cruiser, maana kushuka kreta ya Ngorongoro hawaruhusu gari lisilo la magurudumu manne yanayovuta. Bebeni masweta, hata kama Karatu kuna jua. Baada ya lango la Lodoare ni msitu na ukungu hadi ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Dereva alieleza kwamba injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mzee akaitikia: ndiyo maana mlima huu alikuwa akiupanda kwa gia ya pili, bila haraka.

Ukungu ulipofunguka tukasimama ukingoni. Chini yetu mita 600, bonde la upana wa kilomita 19 hivi, na nyati kama punje za pilipili manga. Mzee alishika ukuta wa mawe akatazama mbele. Kisha akamwambia binti yangu mdogo, taratibu, "Niambie unaona nini." Akamwambia yote, hata vivuli vya mawingu. Nikakumbuka kilichonileta.

Jumapili kijana aliingiza hendeli mbele ya radieta. Mara ya kwanza haikusogea. Ya pili, hapana. Mnunuzi alikuwa ameshafika, anafunga kamba za mizani kwenye mti. Mzee aliweka kiganja juu ya madigadi. Mara ya tatu hendeli ilisogea robo, ikasita, ikazunguka, na kwenye matundu ya plagi hewa ikatoka kwa kishindo, oili ikamrukia kijana usoni.

"Bodi chukueni," Mzee alisema. "Hii muachieni huyu."

Fedha zilipungua, nikampigia kaka, hakufurahi. Tutachangishana. La kidato cha tano tutalizungumza Januari. Injini ilipelekwa Karatu kwa fundi kwenye toyo ya magurudumu matatu, imefungwa juu ya tairi bovu, na kijana alikaa nyuma ameikumbatia, tope la Rhotia likimrukia mgongoni.